Gamba la Kobe Linapoharibika: Dalili, Visababishi na Hatua za Kuchukua Nyumbani

Kobe mwenye gamba bovu anapofikishwa kwa daktari wa mifugo, mara nyingi tatizo lenyewe huwa lilianza miezi mingi nyuma, katika sakafu anayolalia, katika chakula anachopewa au katika jua analolikosa, na kinachoonekana gambani ni matokeo tu. Kwa hiyo mwongozo huu unamtaka mfugaji achunguze kwanza mahali kobe anapoishi, ndipo ashike dawa. Anayefikiriwa zaidi hapa ni kobe wa nchi kavu anayefugwa uani Afrika Mashariki, hasa yule mkubwa wa madoa meusi na manjano, ingawa mengi yaliyomo yanawafaa pia sulcata, yaani kobe mkubwa wa ukanda wa kusini mwa Sahara, na kobe wadogo wa Mediterania wanaofugwa ndani ya nyumba Ulaya na nchi za Ghuba.

Gamba ni sehemu ya mifupa ya kobe. Uti wa mgongo na mbavu vimeungana nalo, na kwa jumla limejengwa kwa mifupa ipatayo 60 iliyoshikamana, ambayo juu yake imefunikwa na vigamba vyembamba vya keratini, kitu kilekile kinachofanya kucha na pembe. Mfupa huo una damu na mishipa ya fahamu, na mapafu yamelala moja kwa moja chini ya gamba la mgongoni. Mtu anayetoboa ukingo wa gamba ili amfunge kobe kamba anatoboa mfupa ulio hai, na tundu lile huwa mlango wa maradhi. Desturi hiyo inafaa iachwe kabisa; uzio mfupi unatosha kumzuia kobe asipotee.

Jambo moja la sheria lisemwe mapema, kwa sababu huwafanya watu wamfiche mnyama mgonjwa hadi afe. Kobe wetu ni wanyamapori. Nchini Kenya wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na nchini Tanzania na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo anayemfuga anahitaji kibali kutoka mamlaka husika, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kwa Kenya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) kwa Tanzania Bara. Aliyemwokota kobe aliyejeruhiwa barabarani awaarifu maofisa hao badala ya kumweka nyumbani kimya kimya.

Uchunguzi wa kwanza

Mwoshe kobe kwa maji ya uvuguvugu na mswaki laini, bila sabuni, kisha mfute na umtazame penye mwanga wa mchana. Pitisha kidole juu ya kila kigamba cha mgongoni na cha tumboni, ukibonyeza taratibu. Nusa mahali penye rangi ya ajabu. Tazama mistari inayounganisha vigamba, kwani uchafu, kupe na majimaji hujificha humo. Mpime uzito, andika tarehe, na mpige picha za juu, chini na pande zote mbili. Bila picha ya mwezi uliopita ni vigumu kujua kama doa limekua, na kumbukumbu ya macho hudanganya. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila kuonyesha ugonjwa wowote; wala usimwoshee katika beseni la vyombo vya chakula.

Yapo mambo yanayowatia wafugaji hofu bure. Mstari mweupe au wa rangi ya krimu kati ya kigamba na kigamba kwa kobe anayekua ni ukuaji mpya. Tumbo lililobonyea kwa ndani kwa dume mzima ni umbile lake. Kobe bapa wa miamba ya Kenya na Tanzania ana gamba jepesi linalonepa maisha yake yote, ambalo humwezesha kujipenyeza katika nyufa za mawe. Kobe wenye bawaba, ambao wapo katika maeneo mengi ya Afrika Mashariki, wana mstari unaokunjika sehemu ya nyuma ya gamba la juu, na mtu asiyewajua hudhani kwamba wamepasuka. Kobe aliyeanguliwa karibuni naye gamba lake hunepa kidogo katika miezi ya mwanzo.

Madoa yaliyobonyea, harufu mbaya, au majimaji chini ya vigamba

Hili ndilo tatizo linalofaa kuelezwa kwa urefu kuliko yote, kwa sababu ni la kawaida, linatibika likiwahiwa, na likiachwa huingia mfupani. Ni kuoza kwa gamba kunakoletwa na bakteria au kuvu.

Kisababishi cha mara nyingi kuliko vyote ni unyevu uliochanganyika na uchafu na baridi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, ua hukaa na maji, kobe hulalia tope usiku kucha, na gamba la tumboni halipati hata saa moja ya kukauka. Kibanda cha sakafu ya saruji kinachokusanya mkojo na kinyesi huleta matokeo yaleyale hata wakati wa kiangazi. Kinachofuata ni jeraha dogo lililoingiwa na vijidudu: mkwaruzo wa saruji, jino la mbwa, kugongwa na dume mwenzake, au mahali kupe alipong'oka. Mara chache zaidi mwili wenyewe ndio uliodhoofika kwa baridi ya muda mrefu au lishe duni, hata vijidudu vya kawaida vikapata nguvu. Na mara chache kuliko zote, doa la nje ni dalili ya maambukizi yaliyokwisha kuenea katika damu.

Anza na mambo mepesi. Shika ardhi anayolalia kwa mkono wako alfajiri. Ikiwa ina umajimaji na ubaridi, umekipata kisababishi kabla ya kugusa dawa. Kisha kwaruza doa kwa ukucha. Doa jeupe linalotoka kama unga baada ya kuoshwa aghalabu ni chumvi za maji magumu ya kisima. Doa lililobonyea, lenye kingo zinazonyanyuka, lililo laini au lenye harufu, ni kuoza.

Kwa doa dogo, gumu chini yake, lisilotoa damu, matibabu ya nyumbani yanafaa. Mhamishie kobe kwenye boksi au kibanda kikavu chenye magazeti yanayobadilishwa kila siku, atengwe na wenzake, na joto la mchana liwe nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi, kwa sababu kinga ya mwili wa kobe haifanyi kazi ipasavyo kwenye baridi. Safisha doa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kisha pakaza povidoni-ayodini, dawa ya kuua vijidudu kwenye majeraha, ya asilimia 10 iliyozimuliwa, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, hata rangi yake ifanane na ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Acha kwa dakika chache, futa, na uache pakauke kabisa kabla ya kumrudisha. Fanya hivyo mara moja au mbili kwa siku. Krimu ya silva salfadiazini, ambayo famasi huiuza kwa majeraha ya moto, inaweza kupakwa kwa tabaka jembamba sana baada ya kukausha. Tabaka nene hufungia unyevu ndani na kuliendeleza tatizo. Kukaushwa gamba hakuna maana ya kunyimwa maji: mwekee sahani ya kina kifupi anywe, kisha iondoe.

Usinyanyue kigamba kilicholegea ili uone kilichopo chini. Kobe hatoi usaha wa majimaji kama mtu. Usaha wake ni mzito na mkavu, haumwagiki wenyewe, na kuuondoa kunahitaji daktari mwenye dawa ya kutuliza maumivu.

Acha matibabu ya nyumbani na umpeleke kwa daktari ikiwa mfupa unaonekana, ikiwa kuna damu au usaha, ikiwa vigamba zaidi ya kimoja vimelegea, ikiwa kobe ameacha kula, au ikiwa siku 7 zimepita na doa halijapungua wala kukauka.

Gamba linalobonyea kwa kidole

Ukishahakikisha kwamba si kobe bapa wala kifaranga, gamba laini lina maana kwamba mfupa umepungukiwa kalsiamu. Sababu kuu mbili huenda pamoja. Ya kwanza ni kukosa jua. Mionzi ya UVB ndiyo humwezesha kobe kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalsiamu iliyomo katika chakula hainyonywi vizuri na mwili. Kioo cha dirisha huzuia mionzi hiyo, kwa hiyo kobe anayeota jua nyuma ya dirisha la sebuleni anapata joto pekee. Kwa wafugaji wa nchi za baridi wanaotumia taa, ijulikane kwamba taa ya UVB huendelea kuwaka huku mionzi yake ikipungua, na nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miezi 6 hadi 12.

Ya pili ni chakula. Ugali, mkate, wali, nyanya na ndizi vina kalsiamu kidogo mno kwa mnyama huyu, na chakula cha mbwa humzidishia protini na fosforasi. Mchicha na spinachi, ambavyo watu wengi hudhani ni bora, vina oksaleti inayoishika kalsiamu isitumike. Kobe wa nyika hula nyasi na mimea pori siku nzima, na amewahi kuonekana akitafuna mifupa mikavu na hata kinyesi cha fisi kwa ajili ya madini hayo. Kipimo cha kufuata ni kalsiamu iwe angalau mara mbili ya fosforasi.

Marekebisho yenyewe ni ya kila siku na ya muda mrefu. Mtoe nje asubuhi kwenye ua wenye jua na kivuli, kwani kobe aliyefungiwa kwenye jua kali bila kivuli anaweza kufa kwa joto kabla ya adhuhuri. Nyasi, mbichi na kavu, ziwe sehemu kubwa ya mlo wake, pamoja na majani ya mpungate yaliyoondolewa miiba na maua yasiyopuliziwa dawa. Nyunyizia chakula unga wa kalsiamu kaboneti usio na fosforasi, au muwekee mfupa mweupe wa ngisi unaookotwa ufukweni, uliooshwa chumvi, aung'ate mwenyewe. Maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, yanafaa pia. Chokaa ya ujenzi isitumike kamwe, maana huunguza kinywa na utumbo. Vidonge vya vitamini D3 navyo visitolewe kwa kukisia. Vikizidi hudhuru figo na viungo vingine.

Gamba hukaza polepole, kwa miezi. Lakini kobe anayetetemeka miguu, asiyeweza kuunyanyua mwili anapotembea, au mwenye taya laini, amefika mahali ambapo chakula peke yake hakimwokoi. Ndivyo ilivyo pia kwa kobe mzima ambaye gamba lake limelainika ghafla huku akila vizuri: figo zinaweza kuwa na hitilafu, na hilo hujulikana kwa vipimo vya damu.

Ufa, tundu au kipande kilichovunjika

Visababishi vinajulikana na karibu vyote vinatokea nyumbani: gari linalorudi nyuma uani, mbwa, kuanguka kutoka ghorofani, mashine ya kukatia nyasi, na moto wa takataka au majani makavu ambayo kobe alikuwa amejificha ndani yake.

Amua kwanza kina cha jeraha. Ikiwa ni keratini tu iliyochubuka, bila damu wala mtikisiko, safisha kwa povidoni-ayodini iliyozimuliwa, mweke pakavu na uangalie kila siku. Ufa wa zamani, mkavu, mgumu, usiotikisika na usio na harufu, huwa umepona na huhitaji kutazamwa tu.

Ufa mpya wenye damu au unaotikisika ni dharura ya siku hiyohiyo. Kazi ya nyumbani ni huduma ya kwanza, basi. Bana damu kwa shashi safi kwa dakika kadhaa. Suuza uchafu kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, gramu 9 za chumvi kwa lita moja, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu cha kusawazisha. Funika kwa shashi na bandeji isiyokaza, bila kuziba kichwa, miguu wala mkia. Vipande vilivyong'oka viviringishe katika shashi yenye maji hayo ya chumvi na uende navyo. Mweke ndani ya nyumba, mbali na nzi, katika boksi lenye taulo.

Usimtumbukize majini. Ukiona mapovu yakitoka katika ufa anapopumua, au unaona uwazi unaoingia ndani ya mwili, usimimine kitu chochote humo. Funika tu na uondoke mara moja. Usisukume kipande kilichoingia ndani. Na usizibe kwa gundi, simenti wala resini, hata kama umewahi kuona picha za magamba yaliyozibwa namna hiyo: vijidudu vilivyofungiwa chini ya gundi huendelea kuula mfupa pasipo mtu kuviona, na mara nyingi ufunguzi hufanywa wakati maambukizi yameshafika mbali. Daktari husafisha, hupiga eksirei, huunganisha vipande kwa nyaya au skrubu baada ya kumtuliza kobe maumivu, na hutoa dawa za sindano. Mfupa wa gamba unaweza kuchukua mwaka au zaidi kuungana, lakini huungana; nimeona watu wakikata tamaa mapema kwa kobe ambao bado walikuwa na nafasi nzuri ya kupona. Ufa uliopita katikati ya mgongo ndio wa kuogopesha zaidi, kwa kuwa uti wa mgongo uko hapo. Angalia kama miguu ya nyuma inavutwa kwa nguvu ukiigusa, na umweleze daktari ulichokiona.

Vigamba vilivyopanda kama vilima

Kwa miaka mingi lawama ilitupiwa protini peke yake. Utafiti juu ya sulcata wachanga uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ukavu wa hewa wakati wa ukuaji ndio uliokuwa na athari kubwa zaidi kuliko protini, na wafugaji wengi wameona hivyo. Kukua haraka kwa kulishwa kupita kiasi, pamoja na upungufu wa kalsiamu na jua, huongeza ubaya.

Vilima vilivyokwisha kujengeka havishuki. Kusaga gamba kwa tupa ili liwe laini ni ukatili, kwani unasaga mfupa. Linalowezekana ni kuufanya ukuaji unaofuata uwe tambarare: kobe mchanga apate pembe ya kujificha yenye majani makavu juu ya udongo wenye unyevunyevu, alowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa wiki, na chakula kiwe cha nyasi zaidi. Msomaji anaweza kuuliza vipi unyevu huu usilete kule kuoza kulikoelezwa juu. Tofauti ni joto na usafi: unyevu wenye joto, kwenye udongo unaobadilishwa, huku kobe akiwa na mahali pakavu pa kuhamia, haumdhuru.

Kobe mwenye vilima vikali anayeshindwa kutembea vizuri au ambaye gamba lake linabonyea aende kwa daktari. Mwenye vilima vya kawaida anaweza kuishi miaka mingi bila shida.

Kuchubuka na ngozi nyembamba kutoka gambani

Kobe wa majini hubadilisha vigamba. Wa nchi kavu hachubuki hivyo, isipokuwa vijisehemu vyembamba sana kwa msuguano. Kisichotoka chenyewe kisivutwe. Kigamba kizima kinachong'oka na kuacha mfupa mweupe au wa pinki ni dalili ya kuungua, kuoza au figo mbovu, na hicho si cha kutibiwa nyumbani.

Wekundu chini ya gamba la tumboni

Hapa hakuna hatua ya nyumbani. Wekundu au madoa ya damu yanayoonekana chini ya vigamba vya tumboni, hasa kobe akiwa mnyonge au hataki kula, huashiria maambukizi ndani ya damu. Mtie joto na mpeleke siku hiyohiyo.

Kupe na mabuu

Kupe hushikamana na ngozi laini ya mapaja na shingo, na wakati mwingine katika mistari ya gamba. Mshike karibu na ngozi kwa kibano, vuta moja kwa moja, kisha pakaza povidoni-ayodini. Mabuu ya nzi ndani ya jeraha ni jambo zito zaidi: toa yale unayoyaona kwa kibano, suuza kwa maji ya chumvi, na uende kwa daktari, maana yaliyojificha ni mengi.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu ni hii. Dawa ya ivermectin, inayotumika sana kwa ng'ombe, mbuzi na mbwa, huwaua kobe hata kwa kiasi kidogo, na haina dozi salama ya kujaribu nyumbani. Dawa za kuogeshea mifugo nazo zisitumike. Mafuta ya taa, dawa za sakafu zenye fenoli, klorini ya kufulia, rangi na vanishi haviguswi karibu na gamba. Mafuta ya nazi hulifanya ling'ae kwa siku moja huku yakikusanya vumbi na kuziba unyevu. Dawa ya zambarau haimfai pia, kwa sababu huficha rangi ya jeraha ambayo daktari anahitaji kuiona. Antibiotiki za binadamu zilizobaki kabatini zibaki huko.

Kumsafirisha kwa daktari

Tafuta mapema, kobe akiwa bado mzima, daktari wa mifugo aliyewahi kutibu reptilia, kwani si kila kliniki inayo dozi zao. Msafirishe katika boksi lenye matundu ya hewa na taulo iliyokunjwa pande zote asiteleze. Katika miinuko yenye baridi kama Nairobi mwezi Julai, weka pembeni chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa, isimguse moja kwa moja. Chukua picha zako zenye tarehe, orodha ya uzito, majina ya vyakula vyote alivyokula wiki hiyo na pakiti ya dawa yoyote iliyokwisha kupakwa, hata ile ambayo unaona aibu kuitaja.